Kabla hujakubali kufomati

Jamani wadau, kompyuta ikiganda kila unapoiwasha, fundi atakwambia dawa ni kufomati. Subiri kwanza! Picha na kazi zako za miaka zitapotea bure. Mara nyingi kinachosumbua ni programu zinazojiwasha pamoja na Windows na kugombana zenyewe kwa zenyewe.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, orodha yake ipo hapa: bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha tafuta Startup. Zima nusu, washa kompyuta upya. Ikitulia, mchawi yumo kwenye ulizozima. Rudisha nusu ya hizo, ujaribu tena. Programu 16, majaribio manne tu.

Ila ukiwa na antivirasi mbili, moja iondoe kabisa. Mafahali wawili hawakai zizi moja.