Mzee Aliyeitwa "Mengineyo"

Leo nakiri kosa langu.

Mwaka 2022 niliandika programu ndogo ya kusajili wavuvi hapa Liwatoni. Kwenye fomu niliweka orodha ya makabila 42, ile ile ya shuleni, na mwisho nikaongeza "Mengineyo". Nikajiona fundi.

Siku ya majaribio mzee mmoja Mpemba akaitazama skrini, akaniuliza: "Kwa hivyo mwanangu, mimi ni mengineyo? Navua bahari hii kabla babako hajazaliwa." Sikuwa na jibu.

Mombasa husifiwa kwa ukarimu, na ni kweli: Waswahili, Wamijikenda, Waarabu, Wabaluchi, Mabohora na Wagoa wote wana kwao kisiwani. Lakini kukaribishwa si kuhesabiwa. Wamakonde wa Kwale iliwabidi watembee kwa miguu kuelekea Nairobi 2016 ndipo serikali ikaamuru wapewe vitambulisho. Wapemba walisubiri hadi 2023. Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini hakuna M-Pesa.

Kwanza nikaitoa orodha kwenye msimbo, nikaiweka kwenye hifadhidata, ili jina jipya liongezwe bila kuandika programu upya. Halafu nikajiuliza: kabila la nini? Kikundi kilitaka jina, chombo na kilo za samaki tu.

Nikafuta swali lote. Mistari 50 ikapungua, na mzee akajisajili.

Je, fomu yako wewe inauliza nini kisichohitajika?