Gari Lililopiga Goti

Hewa ni katika vitu vyepesi kupita vyote tuvijuavyo, na mtu akiitaja kuwa ni mchukuzi wa mizigo hudhaniwa kuwa anafanya mzaha. Lakini hewa ikifungwa mahali padogo hupata nguvu. Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba hewa iliyobanwa hadi nusu ya nafasi yake, joto lisipobadilika, husukuma kwa nguvu maradufu. Gari langu husimama kwa kanuni hiyo. Ni gari kubwa la njia mbovu, lenye uzito unaopita tani mbili, na mahali pa springi za chuma lina mifuko minne ya mpira iliyojazwa hewa. Kompresa hutia hewa, vali huigawa, na vihisio hupima kimo cha gari na kupeleka habari kwa kompyuta. Vyote vikiwa vizima, abiria huona mashimo ya barabara kama mikunjo ya zulia.

Asubuhi ya siku moja nililikuta limepiga goti. Pembe ya nyuma ya kushoto ilikuwa imeshuka hata gurudumu likazama ndani ya bodi, mfano wa ngamia aliyeanza kulala akaghairi. Jana yake mpwa wangu, mwanafunzi wa ufundi anayekaa kwangu, alikuwa amelitumia kuleta magunia ya mahindi kutoka Morogoro. Sikuuliza neno. Nilimwambia mbele ya mke wangu na watoto kwamba amelivunja gari kwa mzigo, na kwamba asiuguse tena ufunguo wake. Alijibu, "Sawa, mjomba," akainamisha kichwa. Kuinama kwa gari kulinisikitisha kuliko kuinama kwake. Hilo naliungama sasa kwa aibu.

Gari lilipelekwa gereji. Fundi alisikia kompresa ikinguruma bila ya kukoma, akaipima, akasema kuwa imechoka. Hakusema uongo, ilikuwa imechoka kweli. Tulitia mpya kwa fedha iliyokuwa akiba ya karo, na gari likasimama wima. Nilifurahi kwa muda wa wiki tatu. Wiki ya nne likapiga goti tena, pembe ile ile, ilhali mpwa wangu hakuwa ameligusa wala hapakuwa na gunia hata moja ndani yake. Ushahidi wangu wote ulianguka pamoja na gari.

Rafiki yangu wa kazini alinishauri niing'oe mifuko yote nitie springi za chuma. Shauri hilo si geni. Cadillac Eldorado Brougham ya mwaka 1957 ilitoka kiwandani na springi za hewa, na wengi waliokuwa nayo walichoshwa na kuvuja kwake wakazibadili kwa za chuma. Lakini kubadili kitu kabla ya kuujua ugonjwa wake ndilo kosa nililokwisha kulilipia mara moja. Jioni ile nilimwita mpwa wangu nikamwuliza yeye angefanyaje. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, mimi ningepima kwanza."

Basi tulipima. Tuliliweka gari penye sakafu iliyo sawa, tukachomoa fyuzi ya mfumo ule ili kompyuta isilisawazishe usiku ikaificha pembe yenye kosa. Mpwa wangu alipima kwa utepe toka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, akaandika tarakimu nne kwa chaki ukutani. Asubuhi pembe tatu hazikuwa zimeshuka hata sentimita moja. Ya nne ilikuwa imeshuka sentimita 9. Kompresa ni moja nayo hulisha pembe zote; isingeweza kuionea moja peke yake. Kisha aliijaza mifuko tena, akaiegemeza fremu juu ya stendi za chuma, maana mtu hapaswi kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na hewa tu. Akaondoa gurudumu, akapaka maji ya sabuni. Penye mkunjo wa mpira mapovu madogo yakaanza kufura moja baada ya moja. Ufa wenyewe haukuwa mpana kuliko unywele. Mpira wa miaka 12 ulikuwa umekauka, ukapasuka mahali unapokunjwa kila gari linaporuka.

Ndipo nilipoona mambo yalivyofuatana. Ufa ulitoa hewa, kompresa ikafanya kazi kutwa kuirudisha, nayo imeundwa kwa kazi ya muda mfupi tu, joto likaiua. Tuliyemhukumu alikuwa amekufa kwa kufidia kosa la mwingine. Tulibadili mifuko miwili ya nyuma, pamoja na rilei ya kompresa iliyokuwa imeungua kwa kutumika kupita kiasi. Gari halijainama tena.

Kazi yangu ni kusahihisha. Mwanafunzi akiharibu upatanisho katika sentensi, mkono wangu wenye wino mwekundu huenda kwenye kitenzi, kwa kuwa ndipo kosa lionekanapo, hali aghalabu limeanzia kwenye nomino aliyoipa ngeli isiyo yake. Jambo hili nimelifundisha kwa miaka mingi darasani, na nyumbani mwangu sikulikumbuka.

Nilimwomba mpwa wangu radhi mbele ya watu wale wale walionisikia nikimshutumu, kwa sababu lawama ya hadharani haifutwi faraghani. Alisema, "Yamekwisha, mjomba," akaupokea ufunguo kwa mikono miwili. Kompresa ya pili nimekwisha kuilipia, na karo imepatikana kwa kuchelewa. Lakini zile wiki nne alizokula chakula changu akiwa mkosaji sina namna ya kumrudishia. Tangu hapo nikikuta kitu kimeinama, sianzi kwa kuuliza ni nani aliyekipanda jana. Hutafuta utepe kwanza.