Bunduki ya Upepo na Nyama ya Mawindo

Miongoni mwa neema alizowaruhusu Mwenyezi Mungu waja Wake ni mawindo. Katika sura ya Al-Maida, aya ya 4, ametuhalalishia kile wanachotukamatia wanyama tuliowafunza kuwinda, na akatuamrisha tulitaje jina Lake juu yake. Na katika aya iliyo kabla ya hiyo, aya ya 3, ameharimisha mzoga, na miongoni mwa mizoga akamhesabu mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Aya hizi mbili zimepakana, na hapo zinapopakana ndipo anaposimama kila mwenye kutoka na silaha kwenda mwituni: upande mmoja chakula kizuri, upande wa pili mzoga, na huenda baina ya pande hizo pasiwe na ila jeraha moja la kutazama.

Jambo hili limetujia karibu mwaka huu. Mmoja wa vijana tuliowasomesha Kurani tangu alifu na bee, ambaye sasa anaishi katika jimbo la Texas, huko Marekani, pamoja na mkewe na watoto wao, alitupelekea salamu kwa simu, na baada ya salamu akaleta swali. Amenunua bunduki ya upepo, si ile ndogo ya kuchezea shabaha, bali kubwa, ambayo kipenyo cha risasi yake chapata milimita 11 na nusu. Ameichukulia kibali cha kuwinda kama sheria ya huko inavyotaka, akatoka na majirani zake, akapiga bismillahi na kumfyatulia kulungu wa huko mwenye mkia mweupe. Risasi iliingia ubavu wa kulia ikatokea ubavu wa kushoto. Mnyama alikimbia hatua kadhaa akaanguka. Na walipomfikia, baada ya dakika kumi hivi, walimkuta amekwisha kufa.

Nyama ikaletwa nyumbani. Mkewe, ambaye naye ni binti wa madrasa, akaitia katika jokofu na akasema, "Hii haitapanda jikoni kwangu mpaka Maalim ajibu." Basi kijana akatuuliza: "Maalim, nimewaletea watoto wangu halali au nimewaletea mzoga?"

Twakiri kwamba swali lilitupendeza kabla hatujalijua jibu lake. Wangapi leo, katika miji yetu hii iliyojaa misikiti, huuliza nyama imechinjwa na nani? Na huyu yuko ng'ambo ya bahari, nyama iko tayari, mkewe anaizuia kwa sababu ya herufi chache alizozisoma akiwa mtoto juu ya jamvi.

Ili kulijibu swali, yapasa kwanza kuijua silaha yenyewe. Wengi wetu tukisikia bunduki ya upepo hudhani ni kitu cha watoto. Sivyo. Jeshi la Austria lilianza kuzitumia bunduki za namna hii karibu na mwaka 1780, zilizobuniwa na fundi aitwaye Girandoni. Upepo wake ulitiwa katika chupa ya chuma iliyokuwa ndiyo kitako cha bunduki, na kuijaza kulitaka kusukuma bomba zaidi ya mara 1,000, lakini ikijaa iliweza kutoa risasi 20 hivi bila ya moshi wala baruti. Hata Lewis na Clark, walipoivuka Marekani kwenda bahari ya magharibi na kurudi katika miaka ya 1804 hadi 1806, walichukua bunduki ya upepo, na wenyeji walipoonyeshwa walistaajabu.

Zilizoko leo zina nguvu kuliko hizo. Gurudumu la motokaa ndogo hujazwa upepo wa kadiri ya baa 2; bunduki kubwa ya upepo hujazwa baa 200 na zaidi, ama kwa pampu ya mkono, ama kwa mtungi kama ule wa wazamiaji. Ukibonyeza kifyatulio, sehemu ya upepo huo hufunguliwa kwa dharuba moja nyuma ya risasi na kuisukuma mtutuni. Tangu mwaka 2018 jimbo la Texas limeruhusu kulungu kuwindwa kwa bunduki hizi, kwa sharti kwamba risasi isipungue kipenyo cha milimita 7.62, na nguvu yake isipungue jouli 291 hivi. Na ili msomaji apate kulinganisha, Uingereza huihesabu bunduki ya upepo inayozidi jouli 16 hivi kuwa ni silaha inayotaka cheti cha serikali.

Walakini ina tabia mbili ambazo mwindaji hana budi kuzijua. Kwanza, mwendo wa risasi yake ni mdogo kuliko wa bunduki ya baruti. Haimvunjivunji mnyama ndani, bali hutoboa tundu, damu ikatoka, akafa kwa damu ile, karibu na namna afavyo aliyepigwa mshale. Pili, kila risasi inayotoka hupunguza upepo uliobaki. Katika bunduki kubwa, risasi chache za mwanzo ndizo zenye nguvu kamili, na zinazofuata hudhoofika. Mwenye kufyatua ovyo humaliza upepo wake na kumjeruhi mnyama asimuue.

Sasa turudi katika sheria. Adi bin Hatim, mtoto wa yule Hatim aliyesifika kwa ukarimu katika Waarabu wa Tayy, alikuwa mwindaji, na alimwuliza Mtume wetu (s.a.w.) maswali ya kiwindaji. Katika aliyouliza ni habari ya fimbo nzito ya kurushiwa mawindo. Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kwamba mnyama aliyepigwa kwa ncha yake ikamchoma huliwa, na aliyepigwa kwa ubapa wake akafa, huyo amekufa kwa kupigwa, wala haliwi. Fimbo ni ile ile, mkono ni ule ule, na bismillahi imesemwa pote pawili. Kilichopambanua ni kuchoma na kuponda.

Juu ya msingi huu wanavyuoni wakajenga. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ambaye vitabu vyake ndivyo tegemeo letu sisi Mashafii wa mwambao, aliitaja "bunduka" kuwa miongoni mwa vitu vizito visivyokata, na mnyama aliyeuawa nayo akawa haramu. Lakini msomaji asikimbilie jina. Bunduk kwa Kiarabu ni tunda dogo gumu la mviringo. Na bunduka ya zama za Nawawi ilikuwa kidonge cha udongo mkavu kilichorushwa kwa upinde. Jina likahama likaenda kwenye silaha ya moto, nasi Waswahili tukalipokea tukasema bunduki.

Ilipoenea risasi ya baruti, wanavyuoni wakakhitilafiana. Ibn Abidin wa Damascus, katika Mahanafi, aliona kwamba risasi huua kwa kuunguza na kwa kishindo cha msukumo wake, nayo haina makali, basi mnyama aliyekufa kwayo haliwi. Shaukani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1250 wa Hijra, aliona kinyume chake: kwamba risasi hutoboa na kupenya, na chenye kupenya kiko pamoja na ncha, si pamoja na ubapa. Wamalik wengi wa zama za baadaye nao waliruhusu. Ama katika Mashafii, tulivyofunzwa na tunavyofunza, tahadhari ndiyo iliyotangulia: risasi ni ya kumsimamisha mnyama, na kisu ndicho cha kumhalalisha.

Bunduki ya upepo yaja katikati ya khitilafu hii na sura mpya. Hoja ya kuunguza yaanguka, kwa kuwa hapana moto. Hoja ya msukumo yabaki kutazamwa: risasi iliyopenya ubavu hadi ubavu si kama kidonge kilichomgonga ndege kichwani akazimia, ngozi yake nzima. Huyu wa pili, akifa kabla hajachinjwa, ndiye aliyepigwa kwa ubapa, wala hatujui njia ya kumhalalisha.

Sisi tulisoma chuoni na shule ya msingi, na kazi yetu ni kusomesha watoto, wala hatukai katika kiti cha mamufti. Tulimjibu kijana wetu namna hii: katika madhehebu uliyoyasoma kwetu, mnyama huyo haliwi, kwa kuwa hukumdiriki yu hai ukamchinja. Wako wanavyuoni wakubwa wanaosema kwamba risasi iliyopenya ni kama mshale, na kwamba aliyekufa kwayo baada ya bismillahi ni halali. Mwendee imamu wa msikiti wako, umweleze jeraha kama lilivyo, usipunguze wala usiongeze, ufuate atakalokwambia.

Akaenda. Imamu akaulizia matundu mawili na damu, akampa rai ya wanaoruhusu. Baba akala pamoja na watoto wake. Mama hakula, alisema moyo wake umetulia katika alichokisoma. Wala mumewe hakumlazimisha, wala yeye hakumwambia mumewe kwamba amekula haramu. Sahani mbili juu ya meza moja, na nyumba imetulia. Twaona kwamba katika jambo lote hili, hilo ndilo lililotufurahisha zaidi, kwa sababu tumeona nyumba zikigawanyika kwa khitilafu ndogo kuliko hiyo.

Baada ya hapo akatuarifu kwamba sasa hatoki bila ya kisu kikali kiunoni, hafyatui mpaka awe karibu, na mnyama akianguka hapigi picha kwanza, bali huenda mbio. Akimkuta angali na uhai uliothibiti, humchinja. Asiyeuliza hubaki na bunduki yake. Yeye ameuliza akapata na adabu ya bunduki.

Adabu hiyo ndiyo tunayoitaka kwa vijana wetu hapa nyumbani, ambao wengi wao hawatashika bunduki ya kulungu maisha yao yote, lakini manati wanayo. Siku moja wanafunzi wetu wawili walimwangusha njiwa kutoka mwembeni kwa kijiwe, wakamwacha mchangani akipapatika, wakarudi darasani wakicheka. Tulisimamisha somo. Tukawaambia habari ya Abdullah bin Mughaffal, sahaba, aliyemwona jamaa yake akirusha vijiwe kwa vidole, akamkataza kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza; akamfahamisha kwamba kijiwe hakipati windo wala hakimshindi adui, lakini chaweza kuvunja jino na kutoboa jicho. Jamaa yule aliporudia, Abdullah akaacha kusema naye. Tukawaambia na Hadithi iliyopokewa na Nasai, ya kwamba shomoro aliyeuawa bure ana haki itakayoulizwa kwa Mwenyezi Mungu, na haki yake ni kumchinja umle, si kumkata kichwa ukamtupa. Na Ibn Umar alipowakuta vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wakimfanya shabaha, aliwakumbusha laana ya Mtume (s.a.w.) juu ya mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Wale wawili wakatoka wakamtafuta njiwa, wakamkuta amekufa, wakamzika chini ya mwembe. Hatukuwapiga, nyuso zao zilitosha.

Basi enyi vijana, mwenye kutaka kujifunza shabaha, na ajifunze, Mtume (s.a.w.) aliwahimiza masahaba zake kulenga. Lakini shabaha ni mbao na karatasi. Risasi ya upepo, japo haina kishindo kikubwa, haijui kubagua baina ya kulungu na mtoto wa jirani aliye nyuma ya kichaka. Bunduki isielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha, na asiyeona kilicho nyuma ya windo lake asifyatue. Nyama iliyozunguka jeraha ikatwe itupwe, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu, na watoto ndio wanaodhurika nayo zaidi.

Na wazee wa nyumba wajue ya kwamba nchi zetu zina sheria zake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, na Tanzania, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, hairuhusu kuwinda bila ya leseni. Asimnunulie mtu mwanawe silaha, hata ya upepo, kabla hajauliza polisi inavyotakiwa. Nyama iliyopatikana kwa kuvunja ahadi ya nchi unayokaa, hata ikichinjwa vizuri, imetiwa doa.

Katika sura hiyo hiyo ya Al-Maida, aya ya 94, Mwenyezi Mungu amewaeleza waumini kwamba atawajaribu kwa mawindo yaliyo karibu, yanayofikiwa na mikono yao na mikuki yao, ili adhihirike amwogopaye kwa ghaibu. Aya hiyo ni ya waliohirimia, lakini mafunzo yake hayaishi kwao. Kila silaha mpya huyasogeza mawindo karibu zaidi na mkono wetu. Na kadiri yanavyokaribia ndivyo mtihani unavyozidi, kwa kuwa mwituni hapana mtu wa kumtazama mwindaji alivyolenga, wala alivyotaja jina la Mola wake, wala alivyomkuta mnyama wake yu hai au amekufa. Hayo huyajua yeye na Mola wake, kisha akawaletea watoto wake wale.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaze nyumba zetu riziki ya halali, na atuepushe na yenye shaka. Wallahu aalam.