Kuziba Ufa au Kujenga Ukuta

Kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikipima jambo ambalo baadhi ya wasomaji wangu wataliona ni la mafundi, si la mwalimu wa chuo. Kompyuta yangu ya mezani imechoka. Prosesa yake ni Intel Core i3-4130, iliyotoka mwaka 2013. Je, nibadilishe prosesa tu, au niunde mashine mpya? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakutuachia kipimo cha kujua ufa upi bado unazibika.

Ningekuwa naandika barua na kusahihisha tasnifu tu, nisingehangaika. Kwa kazi hizo mashine hii ingenizika. Kinachoielemea ni sauti. Nina saa zipatazo 60 za mazungumzo na wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga, wale walioitwa manamba. Kadhaa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Ninatumia programu huria ya kugeuza sauti kuwa maandishi, kisha mimi na wanafunzi wawili tunasahihisha, maana programu hiyo hubabaika sana mzee anapochanganya Kiswahili na Kimakonde au Kibena. Saa moja ya mazungumzo humaliza usiku mzima. Muda wote huo diski imetulia na kumbukumbu ina nafasi. Prosesa peke yake ndiyo inayotokwa jasho. Nimelichunguza hilo mara nyingi, nisije nikafunga bandeji mguuni ilhali kinachouma ni jino.

Mwenzangu mmoja idarani alinishauri: "Mwalimu, kwa nini ujitese? Zipeleke hizo sauti mtandaoni, kompyuta za wenzetu zitakumalizia kazi kwa dakika chache." Kwa hotuba za hadharani ningemfuata. Lakini wazee wale walinieleza habari za vipigo, za madeni ya dukani, za wake walioachwa Songea na Njombe. Walisema kwa sababu tuliketi pamoja barazani. Hakuna aliyeridhia sauti yake ikahifadhiwe katika nchi asiyoijua, na watu asiowajua. Kwa hiyo kazi itafanyika hapa mezani, na swali la prosesa liko palepale.

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Lakini mtu asidhani kwamba atanunua prosesa ya leo na kuichomeka tu. Ubao mkuu wa mashine yangu, ambao mafundi huuita mazabodi, hupokea prosesa za wakati wake tu. Ya leo hudai mazabodi mpya. Mazabodi mpya hukataa kumbukumbu za DDR3 nilizo nazo. Na kasha langu, kwa kuwa ni la kompyuta ya kiofisi, lina maumbo yasiyokubali vifaa vya wengine. Nitabaki na kioo na kibodi. Tena tangu mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu zimepanda duniani, kwa kuwa viwanda vinakimbilia kuuzia vituo vya data vya akili mnemba. Pupa ya matajiri wa California hufika hadi Kariakoo, ndani ya bei ya kipande kisichozidi urefu wa kalamu.

Hoja nzito kuliko zote kwa upande wa kujenga upya ni mfumo endeshi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11, kwa upande wa Intel, hukubali rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache. Yangu ni ya kizazi cha nne. Sababu za usalama zinazotolewa si za kupuuzwa. Hata hivyo, jembe la babu lilikuwa kuukuu lilipolika. Kompyuta siku hizi huwa kuukuu kwa tangazo. Na ofisi zote zikilitii tangazo, mashine hizo zitakwenda wapi? Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Shaba ya Katanga hupita kwetu kwa malori, kutoka Tunduma hadi bandarini. Sitashangaa ikiwa nyingine hurudi ndani ya kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, nasi tukaziita mpya kwa kuwa ni ngeni kwetu.

Nimeamua kuziba. Core i7-4770, nayo ya mwaka 2013, inaingia katika soketi ileile, ina viini vinne badala ya viwili, na iliyotumika nimeipata kwa bei ndogo kuliko mazabodi mpya peke yake. Kiwango chake ni wati 84 ambapo yangu ni 54, hivyo feni nayo itabadilishwa. Sitarajii miujiza; kazi ya usiku mzima ikichukua nusu usiku, nitashukuru. Mashine itawekewa Linux na haitaunganishwa na intaneti.

Fedha inayobaki itakuwa nauli ya wanafunzi wale wawili kwenda Muheza, kuwasomea wazee na familia zao maandishi tuliyokwisha kuyasahihisha, kabla hayajachapwa popote. Mzee mmoja ameomba aanze kusomewa yeye, kwa kuwa macho yake hayaoni tena, na kuna jina moja anataka lifutwe.