Desemba Tanga: mapango, baiskeli na kitabu cha baba

Anayekwenda Tanga kwa basi kutoka Dar es Salaam ajiandae kwa kilomita zipatazo 350, na kama ana watoto ajiandae pia kuulizwa "tunafika lini?" kuanzia Chalinze. Dawa yake ni machungwa. Ukishakata kona Segera na kuitafuta Muheza, wauzaji wako kando ya barabara, na mtoto anayemenya chungwa hana muda wa kuuliza.

Tupo wanawake watatu tuliosoma chuo kimoja. Wawili tunaishi Dar, wa tatu ni mwenyeji wa Tanga, na kila Desemba tunakwenda kwake na watoto wetu. Utaratibu wetu ni mmoja: kila mtu aeleze mwaka wake ulivyokwenda, kitu gani kipya amejifunza kwa ajili ya kujifurahisha tu, na amesoma kitabu gani. Waliopoteza mwaka mzima kwenye simu husutwa hadharani.

Kikao hufanyika bustanini, juu ya bandari, jioni jua likipoa. Mbele yetu kuna kisiwa cha Toten, chenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Jina walilipa Wajerumani na maana yake ni wafu. Watoto hulipenda sana jambo hilo.

Mwaka huu nilianza mimi. Nimepanda mchicha na matembele kwenye magunia, kuku wa jirani wamekula sehemu kubwa, basi. Aliyefuata, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa na mzigo zaidi. Alikopa kwenye kikundi, biashara ikalala, marejesho yakawa yanamfukuza kila Jumatatu, na nyumbani hakumwambia mtu. Katikati ya hayo akaanza kusoma *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Humo mtoto Yusufu anachukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake.

"Nilikifunga wiki mbili nzima," alisema. "Nikikiona mezani namwona mwanangu." Siku aliyokifungua tena ndiyo siku aliyomweleza mumewe deni lote, shilingi kwa shilingi. Bado wanalipa.

Mwenyeji wetu alibaki wa mwisho. Mumewe alifariki Machi. Kuhusu kujifurahisha alicheka kwanza: amejifunza baiskeli akiwa na miaka 41, katika mji ambao kila mtu ana baiskeli na kila mtu alimwona akianguka. Mwalimu wake alikuwa binti yake wa miaka 12. Binti huyo, tangu arobaini ya baba yake, hakuwa amemtaja tena. Si kwa kulia, si kwa kuuliza. Ndugu walimsifu kuwa amekuwa jasiri. Mama yake hakuwa na hakika na sifa hiyo, na mimi naona alikuwa sahihi. Tunawaharakisha mno watoto kuwa majasiri.

Kitabu alichosoma ni *Maisha Yangu* cha Shaaban Robert, mtu wa huko huko Tanga. Sisi wengine tulimkariri shuleni kwa ajili ya mtihani tukamwacha hapo. Shaaban Robert alifiwa na mkewe Amina akabaki na watoto. Ndani ya kitabu hicho kuna *Utenzi wa Hati*, wosia wa baba kwa binti yake, kama vile Mwana Kupona wa Pate alivyomtungia wa kwake karne moja kabla. Rafiki yetu alikuwa akiusoma kwa sauti usiku, beti chache chache, mlango wa chumba cha watoto ukiwa wazi. Hakumwita mtu. Wiki ya pili binti alitoka na shuka lake akakaa sakafuni.

Kesho yake tulipeleka watoto Mapango ya Amboni, kilomita kama nane kaskazini mwa mji. Kwa wazazi wenzangu: vaeni viatu vya kufunika vidole, bebeni tochi ya ziada, na mwambieni mtoto mapema kwamba popo wapo. Wetu mdogo hakuambiwa na kelele zake zilisikika pango zima.

Siku ya tatu tukaelekea kusini, upande wa barabara ya Pangani, hadi Machui. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akazikwa Machui mwaka 1962. Hakuna pilikapilika za kitalii. Minazi, njia ya mchanga, watu wanaokusalimia. Tulisimama kaburini, tukaomba dua, wadogo wakaanza kudai maji.

Binti wa miaka 12 hakuondoka upesi. Alimvuta mama yake mkono.

"Mama, yule binti yake alimjibu?"

"Hata mimi nimejiuliza, mwanangu."

Akanyamaza kidogo. "Baba angependa nikimwandikia?"

Mama yake alishindwa kusema, akatikisa kichwa kukubali.

Njiani tulisimama dukani kununua daftari, kubwa, la kurasa nyingi kwa sababu alilichagua mwenyewe. Jioni hiyo alikaa barazani akiandika mpaka mbu wakamshinda. Hakuna aliyeomba kusoma. Alipoingia ndani alituuliza kama mwakani anaweza kukaa kwenye kikao cha wakubwa. Tumemkubalia, kwa sharti lile lile: aje na kitabu.