Kupima Mgando wa Damu ya Wachanga

Sehemu kubwa ya utumishi wa mwandishi wa tawasifu hii, aliyekuwa mteknolojia wa maabara katika hospitali ya rufaa nchini Tanzania, ilipita katika kupima mgando wa damu ya watoto wachanga, kazi ambayo ugumu wake haukuwa katika kupata jibu, bali katika kujua jibu hilo lilinganishwe na nini.

Miaka ya mwanzo, kipimo cha muda wa protrombini, alichokieleza Armand Quick nchini Marekani mwaka 1935, kilifanywa kwa mkono: plazma, yaani majimaji yanayobaki juu chembe za damu zinapotuama, ilipashwa hadi nyuzijoto 37 na kutiwa thromboplastini yenye kalsiamu, kisha mpimaji akaiinamisha na kuiinua neli, huku akihesabu sekunde, hadi uzi wa fibrini, protini inayoshika donge la damu, ulipojitokeza.

Kwa mchanga, jibu liliweza kupotoka kabla ya kipimo kuanza. Neli hutiwa sitrati, dawa ya kuzuia damu isigande, sehemu moja kwa tisa za damu. Lakini kwa kuwa mchanga ana chembe nyekundu nyingi na plazma kidogo, sitrati huizidi plazma hiyo na muda hurefuka pasipo ugonjwa, hivyo sitrati hupunguzwa chembe hizo zinapopita asilimia 55 ya damu. Kumtoboa upya halikuwa jambo dogo, maana mtoto wa kilo 3 ana damu isiyozidi sana mililita 250.

Hata sampuli iliyo sahihi ilikuwa na muda mrefu kuliko wa mtu mzima, kwa sababu vigandishi vinavyotegemea vitamini K, ambayo hupita kwa uchache kwenye kondo na katika maziwa ya mama, huwa karibu nusu ya kiwango cha wakubwa. Ila vizuia mgando navyo ni pungufu, na mizani husimama. Viwango vya Maureen Andrew na wenzake wa Kanada, vilivyochapishwa mwaka 1987 kwa waliotimiza miezi na 1988 kwa njiti, vilipangwa kwa siku za umri. Ndiyo maana mwandishi hakutafsiri jibu lolote kabla ya kujua umri huo na kama sindano ya vitamini K ilishachomwa. Kwa mchanga anayetoka damu kitovuni, muda uliopungua saa chache baada ya sindano ulithibitisha upungufu wa vitamini hiyo, na uliobaki palepale uliwaelekeza madaktari kuchunguza ini au kasoro ya kurithi.