Dada wa Milano na opera iliyomtoa machozi

Kuna dada mmoja wa Kibongo yuko Milano, Italia, mwaka wa nne huu. Kazi yake ni kumtunza bibi mmoja wa Kitaliano. Anampikia, anampa dawa, anamsindikiza sokoni. Jioni bibi akiwasha opera, dada anakimbilia jikoni. Jamani, kelele gani hizi? Mtu kachomwa kisu, badala aombe msaada anaimba!

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Kitaliano anakijua. Sokoni anabishana bei na anashinda. Ila wakiimba, haambulii kitu. Siku moja akamuuliza bibi. Bibi akacheka: hata Wataliano wenyewe hawaelewi yote, ndiyo maana La Scala, lile jumba kubwa la opera pale Milano, wameweka viskrini vya maneno mbele ya viti.

Akampa siri: soma hadithi kwanza, mpaka mwisho, ujue nani anakufa. Ukishaijua, masikio yanabaki na kazi moja tu, kusikiliza ile sauti inafanya nini. Na hao watu kwa kawaida hawatumii maiki, sauti inapita juu ya okestra nzima.

Tamthilia za kisasa ni kinyume. Mjukuu wa bibi alimpeleka kuona Waiting for Godot ya Samuel Beckett, iliyoanza kuchezwa Paris mwaka 1953. Watu wawili wanamsubiri mtu, kinakuja kitoto kusema leo haji, kesho atakuja. Basi. Ukitafuta stori utaumwa kichwa bure. Dada alicheka peke yake ukumbini, maana alikuwa na miezi anafuatilia kibali cha kuishi na kila akienda anaambiwa arudi wiki ijayo.

Ila kilichomkalisha chini ni La Traviata ya Verdi, ya mwaka 1853. Violetta ni mwanamke wa starehe mjini Paris, anaumwa kifua kikuu, na kijana Alfredo anampenda kweli. Mwanzoni sauti yake inakimbia, inaruka, sherehe tupu. Sehemu ya pili anakuja baba wa kijana. Anaanza kwa ukali, kisha anakuwa mpole: niachie mwanangu, jina lako linamharibia binti yangu ndoa. Violetta anakubali. Kijana haambiwi sababu. Hapo sauti hairuki tena.

Dada akaweka chini sahani aliyokuwa anaifuta.

Maana na yeye ana mzee wake. Mwaka juzi baba wa mchumba wake alimpigia kutoka Dar, kwa adabu kabisa. "Mwanangu, watu wanasema mengi kuhusu mabinti wanaokaa peke yao Ulaya. Na dada zake huyu bado hawajaolewa." Akajibu, "Sawa baba." Jamaa akaachwa bila maelezo. Akajua tu kapatikana mzungu mwenye hela, akamwanika Instagram, matusi wiki nzima. Alfredo naye anamrushia Violetta hela mbele za watu. Wanaume ni wale wale tangu enzi hizo!

Mwishoni Violetta yuko kitandani, anasoma barua ya yule mzee. Na hapa haimbi. Anaisoma kwa sauti ya kawaida, muziki unapiga taratibu kwa chini. Mzee ameandika kwamba kamwambia mwanawe ukweli wote. Kijana anakuja mbio, anamkuta Violetta ndiyo anakata roho.

Bibi alimwona dada anafuta macho, akamvuta akae. Dada akamsimulia yote. Bibi akauliza kitu kimoja tu: huyo mzee wa Dar keshamwambia mwanawe?

"Bado."

Mpaka leo jamaa hajui, na namba yake dada anayo. Haya wadau, angekuwa ndugu yako ungemwambia apige mwenyewe, au aendelee kumsubiri mzee?